Mbaya Wetu

Katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, kuna pete ambayo haionekani jukwaani hata mara moja. Shylock, mkopeshaji wa fedha kwa riba, amekimbiwa na bintiye. Jessica ametoroka na kijana wa Kikristo, na amebeba fedha na vito vya baba yake. Rafiki wa mzee, Tubal, ametumwa kumtafuta na sasa amerudi. Hakumpata, ila amesikia habari zake, naye anazitoa kwa zamu, moja tamu na moja chungu. Antonio, mdeni wa Shylock na adui yake, amepotelewa na meli. Binti ametumia dukati 80 mjini Genoa kwa usiku mmoja. Wadai wa Antonio wanasema hana pa kutokea. Binti ametoa pete, akapewa nyani.

Dakika chache kabla ya hapo mzee huyu ametamka kwamba heri bintiye angekuwa maiti miguuni pake, mradi vito viwe masikioni. Baba gani anasema hivyo? Unamchukia, na mtunzi hajakuzuia. Halafu inatajwa pete, na Shylock anaitambua. Ilikuwa na jiwe la feruzi, na alipewa na Leah enzi za ujana wake, kabla hajaoa. Leah hatajwi popote pengine katika mchezo mzima. Hatujui alikufa lini wala alikuwa na sura gani. Mzee anasema maneno yake machache juu ya pete, Tubal anarudi kwenye habari za Antonio, na papo hapo Shylock anamwagiza akamlipe askari wa kumkamata mdeni.

Naweza kukaa na ukurasa huo asubuhi nzima. Mtunzi wa kawaida angemkalisha mzee kitini, amlilie Leah kwa aya tatu, na sisi tuliokuwa tunamwogopa tungepumua. Shakespeare anafungua mlango upana wa kidole, anatuonyesha kwamba mtu huyu aliwahi kupendwa, kisha anaufunga na kumrudishia kisu chake. Kuanzia hapo unaogopa kisu na wakati huohuo unajua ni mkono wa nani ulioshika.

Kumwandika mtu mwema si kazi nyepesi, lakini msomaji anakusaidia, kwa kuwa amekuja tayari kumpenda. Kumwandika katili mtupu ni rahisi zaidi. Kazi iko kwa yule ambaye usingemwazima simu yako wala kumwachia mtoto wako, lakini asipotokea kwa kurasa kumi unaanza kuulizia yuko wapi. Tumewajua watu hao tangu utotoni. Sungura wa hadithi za bibi ni mwongo, mwizi na mvivu wa kuchimba kisima, na hakuna mtoto aliyewahi kumshangilia fisi. Lakini Sungura ana nafuu moja kubwa: ni mdogo, na anaowatapeli wana meno. Mhusika wa riwaya hana nafuu hiyo. Mara nyingi anaowaumiza ni wadogo kuliko yeye.

Euphrase Kezilahabi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu Rosa Mistika ilipochapwa mwaka 1971. Riwaya ilizua zogo, na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Walioiogopa hawakukosea kuhusu nguvu yake. Ina msichana anayekwenda na wanaume wengi kinyume cha kila alichofundishwa nyumbani na kanisani, na msomaji anajikuta hana ubavu wa kumtupa.

Angalia anavyojengwa. Tunamkuta Rosa Ukerewe, kifungua mimba wa Zakaria na Regina, binti mtiifu na hodari wa kazi za nyumbani. Zakaria ni mlevi. Mengine yote ameyaacha yaende yanavyokwenda, ila jambo moja analisimamia kwa fimbo: mabinti zake wasisogelewe na mvulana. Barua moja tu ya kijana Charles inatosha kumletea Rosa kipigo. Anapokwenda kusoma sekondari, anawakimbia wavulana mpaka wenzake wanamcheka. Hapo Kezilahabi hana haraka hata kidogo. Anauacha woga ukae ndani ya binti kurasa kwa kurasa, mpaka msomaji mwenyewe aanze kutamani Rosa athubutu kitu, chochote, walau acheze dansi moja.

Ndiyo mtego huo. Rosa anapothubutu, sisi ndio tuliomsukuma. Na akishavuka mpaka mmoja, anavuka wa pili na wa tatu kwa mwendo ambao hatukuuomba, lakini hatuwezi kusema tulikuwa hatupo. Hakuna sura inayosimama kutueleza kwamba amekuwa hivi kwa sababu alipigwa. Fimbo tuliiona tangu mwanzo, kabla ya kosa lolote, wakati ambapo haikuwa inatetea kitu. Na mtunzi hamgeuzi Rosa kuwa mhanga wa kulialia. Anaonja uhuru wake, anaonja pia uwezo wake juu ya wanaume, na utamu huo umeandikwa bila aibu na bila kutafunwa na mahubiri. Nadhani hilo ndilo lililowatisha wakubwa wa wakati ule kuliko matendo yenyewe. Mwishoni, akishajiua, riwaya inampeleka mbele ya Mungu, na huko baba na binti wanajikuta katika kesi moja. Ni hatua ya ajabu kwa mtunzi mchanga, kuipeleka kesi juu kabisa wakati msomaji alishajiona yeye ndiye hakimu.

Miaka mitatu baadaye, katika Kichwamaji, akajaribu jambo gumu zaidi. Alimpa mkorofi wake kalamu.

Kazimoto anasimulia mwenyewe. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ana dharau, ana mashaka na Mungu na wanadamu wenzake, na baadhi ya mipango yake inatia kinyaa. Manase, kijana waliyekua pamoja, alimharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto anaazimia kulipiza kwa kumtumia Sabina, dada yake Manase, ambaye hajamkosea lolote. Ukimsimulia mtu habari hiyo barabarani atakwambia huyo ni wa kukaa naye mbali. Kwa nini basi tunakaa naye hadi ukurasa wa mwisho?

Sehemu ya jibu iko mwanzoni kabisa. Riwaya inamfungua Kazimoto akiwa anasubiri ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya ni Manase huyohuyo. Anasubiri. Mtu mwenye elimu yake, mwenye kiburi chake, amekaa nje ya mlango wa mwenzake wa utotoni kama mtu asiye na jina. Nani katika nchi zetu hajakaa kwenye benchi hilo? Kabla hatujajua Kazimoto ni mtu wa aina gani, tumeshakaa pembeni yake tukitazama mlango uleule, tumeshachukia pamoja naye. Dharau yake inapoanza kumwagika tunaipokea, maana tunajua ilipochemshiwa.

Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba Kazimoto hajipaki rangi. Anajishtaki kabla hujamshtaki. Msimulizi anayejificha tunamwinda, na kila anapojisifu tunamhesabia uongo mmoja. Anayesema wazi kwamba alidhamiria ubaya anatunyang'anya kazi ya kumfumania, na tukishakosa kazi hiyo tunaanza kumsikiliza. Kuna hatari hapa, na waigaji wengi wa Kezilahabi wametumbukia humo: kujishtaki kunaweza kugeuka maringo. Mhusika anayerudia kila ukurasa kwamba yeye ni mbaya, roho yake ni nyeusi na haamini mapenzi anachosha haraka kuliko mlokole. Kazimoto anaponea kwa kuwa ana mambo ya kufanya. Anasafiri, anagombana, anacheka, anaoa. Anamwoa Sabina yuleyule, na kisasi kinaingia ndani ya nyumba yake kula naye meza moja.

Sasa tushuke karakana. Tuseme mwandishi anataka kumwandika Sele, konda wa daladala la Mbagala. Rasimu ya kwanza huwa hivi: Sele ana matusi, anakula chenji za watu, anawasukuma wanafunzi mlangoni. Mwandishi anaingiwa na hofu kwamba msomaji atamchukia, basi ukurasa wa nne anamfanya Sele amnunulie chapati mtoto wa mitaani. Nimesoma hadithi za namna hii hadi nazijua kwa harufu. Chapati ile ni rushwa. Msomaji anaombwa afumbe macho kwa bei ya chapati moja, na msomaji si mjinga, anaona mkono wa mwandishi ukimpitishia bahasha chini ya meza.

Rasimu ya pili inamwacha Sele kazini kwake. Mzee mmoja anatoa noti ya elfu mbili. Sele anaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Chenji."

"Ipo, mzee."

Vinapita vituo vitatu.

"Konda, chenji yangu."

"Mzee wangu, hela yako ikikaa huku ipo salama. Huko unakoshuka kuna vibaka."

Gari zima linacheka, na mzee anatabasamu bila kupenda. Anaposhuka, Sele anamhesabia sarafu mlangoni, moja moja, gari likiwa limeshaanza kuondoka, ili mzee achague mwenyewe: chenji au miguu yake. Mzee anachagua miguu.

Mistari michache hiyo inafanya kazi nyingi kuliko chapati. Ile shikamoo ni ya kweli. Sele alilelewa, na malezi hayo hayamzuii kuiba. Yanampa adabu ya kuibia. Kicheko kinatuingiza garini: tumecheka na abiria, kwa hiyo mzee akibaki barabarani na nusu ya hela yake, na sisi tuna sehemu yetu. Na Sele anaijua kazi yake. Ana kichwa cha kukumbuka noti ya kila mtu katika gari lililojaa hadi mlangoni, nani ametoa buku, nani hajalipa, nani anajifanya amelala. Msomaji humheshimu mtu anayeijua kazi yake hata kama kazi yenyewe ni ya kumwibia yeye. Sijui kwa nini iko hivyo, lakini sijawahi kuona ikishindwa. Ndiyo maana majambazi wa hadithini hupendwa wakiwa mafundi wa kufuli, na wakiwa wazembe tunataka wakamatwe mapema tukalale.

Halafu ije jioni. Gari limeegeshwa, Sele na suka, yaani dereva wake, wanahesabu. Hesabu ya bosi haijatimia. Sele anatia mkono mfuko wa nyuma, anatoa sarafu za mzee na nyinginezo, anajazia, na akiulizwa zimetoka wapi anatukana. Je, hii nayo si chapati? Siyo, kwa sababu hela ni ileile. Asingeiba, suka naye angekosa kazi kesho, maana bosi hana subira na gari lisiloleta hesabu. Wema na wizi viko katika kiganja kimoja, na mwandishi hana haja ya kututenganishia. Nani alipe? Mzee wa Mbagala ndiye aliyelipa. Msomaji anabaki na hesabu isiyofungika, na hesabu isiyofungika ndiyo inayomrudisha kwa Sele kesho.

Ningemwongezea mtu mmoja tu, dada muuza chipsi pale kituoni, ambaye peke yake anamwita Selemani. Hamwogopi, hamcheki, anamdai. Mkorofi anahitaji jicho la karibu lisilodanganyika. Mohamed Said Abdulla, alipomwandika mpelelezi wake Bwana Msa, alimpa Najum wa kufuatana naye. Bwana Msa si mkorofi, lakini kanuni ni ileile: akili inayomzidi msomaji huvumilika ikiwa pembeni yupo mtu wa kawaida anayeishangaa, na mara mojamoja anayechoshwa nayo. Kwa Sele, muuza chipsi anatusaidia kujua ni wapi amezidisha. Yeye akinyamaza, tunajua leo konda amevuka mpaka.

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana siku hizi, nayo ni ukali wa mavazi. Miwani nyeusi, sigara, pikipiki, ukimya, matusi mawili ya Kiingereza. Mhusika wa namna hiyo hana makali, amekodi tu. Mjaribu kwa kumwondolea vitu hivyo na kumpa kikombe cha uji na kiti cha plastiki: kama hakuna anayemwogopa tena, hakuwapo tangu mwanzo. Shylock ukimpa uji bado utahesabu vidole vyako.

Njia nyingine ya mkato inaonekana ya heshima zaidi, na kwa hiyo ina madhara zaidi. Ni kidonda cha utotoni kinachotolewa kama kitambulisho getini. Mtu anaua, anatapeli, anavunja nyumba za watu, kisha sura ya saba inafichua kwamba mama yake alimwacha akiwa na miaka sita, na sote tunatakiwa tuinamishe vichwa. Rudi kwa Rosa uone tofauti. Kipigo chake kinatangulia, kikiwa na maumivu yake chenyewe, na hakidai chochote baadaye. Said Ahmed Mohamed anafanya jambo la jirani na hilo katika Utengano, riwaya ya mwaka 1980. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, hadi dunia ya nje imekuwa kwake uvumi tu. Tumekaa naye ndani ya kuta zile. Anapotoka na kuangukia maisha ya baa na pombe, hatuhitaji maelezo ya daktari. Kidonda kilichoonwa kikichimbwa hakihitaji wakili.

Wachekeshaji wanalijua hili bila kulisoma popote. Amri Athuman wa Tanga, King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, aliishi miaka mingi kwa kuigiza wazee ambao ungewakataa wawe wakwe zako: wachoyo, wakware, waongo wa mchana. Tulimpenda kwa sababu tamaa yake ilikuwa usoni, haikujificha nyuma ya heshima, na kwa sababu kila mara alilipa. Alifukuzwa, alichapwa, aliachwa na kanga ya mtu mwingine. Katika kichekesho, kipigo ni kodi, na mhusika akishalipa kodi anaruhusiwa kurudi kesho na dhambi ileile.

Katika riwaya na tamthilia kodi hiyo ni nzito, na hapo wengi hushindwa kujua wafunge vipi. Shakespeare alimnyang'anya Shylock kesi, mali, na hata dini, maana mahakama inamwamuru awe Mkristo, na ukatili wa hukumu ile ni wa zama zake na ni aibu ya mchezo wenyewe. Mzee anasema hajisikii vizuri, anaomba aende nyumbani, na anatoka. Bado kitendo kizima cha tano kimebaki: mbalamwezi, wapenzi, mzaha wa pete za watu wengine. Waongozaji wa maigizo wamehangaika na kitendo hicho kwa vizazi, kwa kuwa hadhira inacheka huku imegeuza shingo kutazama mlango. Mtunzi alidhani ameshamaliza naye, au alijua hajamaliza na akatuachia sisi. Mimi naamini la pili.

Kezilahabi yeye huua. Rosa anajiua. Kazimoto anajiua. Tumaini, wa Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, ananyongwa. Kwa Rosa sina ugomvi, kwa sababu bila kifo chake kesi ile ya mbinguni haisikilizwi. Tumaini aliua mtu, na dola ya wakati ule ilikuwa na kamba yake. Ila kwa Kazimoto nimebaki na manung'uniko. Mtu mwenye ulimi ule alistahili adhabu ndefu kuliko kifo. Ningependa kumwona akiwa na miaka 50, mkubwa wa ofisi fulani ya wilaya, ana kitambi na miwani ya kusomea, bado hamwamini mtu, bado anachekesha, na nje ya mlango wake wamekaa vijana watatu wenye vyeti vyao mkononi tangu saa mbili asubuhi, naye anajua wapo, na anaagiza chai ya pili.